Dakika Kumi Hadi kwa Mama

…na kidole bado kiko kwenye kibanio cha kofia ya anga, nimekigusa tu, sijakifungua, jasho limenifika kwenye nyusi na siwezi kulifuta, siku ya kumi na nane tunajifanya tuko sayari nyingine kumbe ni jangwani tu, asubuhi mbuzi wa watu walipita tukaambiwa tusiwaone, na sheria ni ileile, kila neno kati yetu na kituo linacheleweshwa dakika kumi, kwenda kumi, kurudi kumi, kana kwamba linavuka anga kweli… na sauti ya mdogo wangu ndiyo kwanza imefika redioni, Dada, Mama anaingizwa kwenye upasuaji saa kumi kamili, anataka akusikie kwanza, nayo saa yangu inasema kumi kasoro dakika nane, nikijibu kwa redio nitafika kumi na dakika mbili, mlango umeshafungwa, "Vipi, Dada, jiwe limekuuma?" huyo ni Fundi, mwenzangu, amekaa kwenye gari la majaribio, anadhani naliangalia jiwe letu la kupima, "njoo tupime bwana, hilo halina miguu," na simu ya dharura, isiyocheleweshwa, iko chini ya kiti chake, kwenye mfuko mwekundu, lakini lazima uvue kofia ndipo uongee, na ukivua tu jaribio limekufa, watu kumi wanaanza upya siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyewachorea sheria ubaoni, polepole, kama watoto wa darasa la pili… likizo iliyopita, baada ya jaribio jingine kama hili, Mama aliniuliza, sukari nikutilie? nikanyamaza, kichwa kimeshazoea kusubiri, akacheka, "We mtoto, swali langu limepanda basi gani?" na alipouliza mara ya tatu hakucheka, alitia vijiko viwili kwa kukisia, akatoka nje, nami sikumwita… "Dada? Unanisikia?" Fundi anaita tena, yuko hatua sita tu, redio yetu sisi wawili haicheleweshwi, na hata yeye nimemnyamazia, kumbe huku mbali nimejileta mwenyewe… kasoro dakika saba, watanuna, wana haki ya kununa, nitaandika kwa mkono wangu kwamba ni mimi niliyeharibu, "Fundi," nasema, papo hapo, bila kusubiri chochote, "nipe huo mfuko mwekundu," naye kanyamaza, sasa ni zamu yake, na kidole changu bado kiko palepale, kwenye kibanio, ila sasa kinakifungua.