Pombe ya Wapiga Pondo

Verediana alikuwa akiziba ufa wa mtumbwi kwa nta ya nyuki, pale kivukoni Ifakara, wakati askari wa boma alipoleta amri. Mpunga wote wa boma, kuanzia Idete mpaka mabonde ya juu, uvushwe ng'ambo kabla mwezi mwingine haujaandama. Huko wapagazi wangeupandisha Mahenge. Askari alisema yake, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Mpunga wenyewe ulikuwa umesharundikwa ukingoni, umeipita nyumba ya akida kwa kimo.

Kivuko kilikuwa mikononi mwa wanawake tangu vita vya maji. Waume zao walikwenda kulivamia boma la Mahenge wakiwa wamepakwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na bunduki ya bombomu, ile inayomimina risasi mfululizo, ikawakuta uwanjani. Njaa iliyofuata ikamalizia wazee. Wanaume wachache waliobaki walikuwa kwenye mizigo ya boma, na waliporudi walirudi na miguu iliyovimba. Basi wanawake wakashika mapondo ya kusukumia mitumbwi, wakabatizwa, wakapewa majina mapya, wakaendelea kuvusha watu. Walikuwa hodari, lakini walikuwa wachache, na mpunga wao wenyewe ulikuwa umeiva shambani, ndege nao wameshapata habari.

"Tuite watu wa nje," Verediana alisema.

Balbina, aliyekuwa mkubwa wao kivukoni, hakukataa. Alisema tu kwamba atawahoji yeye, kwa sababu Verediana humwonea huruma hata mbu.

Wito ulitolewa kama ilivyo desturi ya bondeni. Mwenye kuhitaji mikono hutangaza pombe. Watu huja, hufanya kazi, kazi ikiisha hunywa, na wakishakunywa huenda kwao. Pombe isipotolewa hakuna anayeondoka, maana kazi ambayo haijanywewa haihesabiki kuwa imekwisha.

Kwanza walikuja wapagazi kutoka upande wa Kidatu, na msemaji wao alikuwa na maneno matamu kweli. Balbina akamuuliza wanafanya nini kiboko akiibuka mbele ya mtumbwi. Akajibu kwamba watamfukuza. Balbina akawaonyesha njia ya kurudi Kidatu. Wakafuata wavuvi wa mto wa juu, waliolijua maji kuliko mtu yeyote aliye hai, ila walitaka kunywa kwanza ndipo wafanye kazi, na hao nao hawakukaa sana.

Kundi la mwisho lilitoka mtoni asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka. Walipanda kwa miguu kutoka chini ya maji, vichwa kwanza, kisha mabega, kisha mapondo waliyoshika. Walikuwa ni wale waume waliokufa Mahenge. Kila mmoja alikuwa na tundu la risasi, na tunduni yalitoka maji, masafi, taratibu, bila kukoma. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake, ila kwa kuchelewa.

"Shikamoo, mama," wakamwamkia Balbina, ingawa wengi wao walicheza naye utotoni. Aliitikia marahaba, kwa kuwa yeye alikuwa ameendelea kuzeeka na wao walikuwa wamebaki palepale.

Akawahoji kama alivyowahoji wengine. Viboko waliwajua. Mkondo waliujua kwa juu na kwa chini. Walitaka pombe tu, tena baada ya kazi. Shaka ya Balbina ilikuwa moja, kwamba mpunga utalowa. Wakakubaliana kila marehemu asimame nyuma kabisa ya mtumbwi, mzigo ufunikwe mikeka, na mwanamke mmoja akae katikati akikomba maji kwa kibuyu. Ndivyo walivyochukuliwa.

Verediana alikuwa akiwatazama nyuso, mmoja mmoja. Wa mwisho kutoka majini alikuwa Lukumbi, mumewe. Alikuwa akimkumbuka kila siku, akipalilia, akila, hata katikati ya sala, na sasa alimwona kijana kuliko alivyokuwa akimkumbuka. Alitamani kumshika. Akamkabidhi mzigo wa kwanza.

Walivuka pamoja, yeye akikomba, Lukumbi akisukuma pondo. Maji aliyoyakomba yalikuwa yanatoka kifuani mwa mumewe, na yalikuwa ya vuguvugu. Kila alipomwaga kibuyu mtoni roho ilimuuma, kana kwamba anatupa kitu cha nyumbani.

"Baba Justa," alimwita.

"Justa ni nani?"

"Ulimwacha tumboni. Sasa anang'oa meno."

Lukumbi akauliza kama mtoto anajua kuogelea. Akaambiwa anajua. Akasema ni vizuri. Waliporudi ukingoni Justa alikuwa amesimama pale. Akayaona maji yanayotoka kwa baba yake, akakinga mikono, akanawa uso.

Kazi ilikwisha kabla ya mwezi kuandama. Pombe ilikuwa tayari, mitungi inatoa povu, na Verediana ndiye aliyekuwa mtunzaji wake. Akasema bado haijachachuka. Kesho yake akasema bado. Wanawake wengine waliinusa harufu wakanyamaza, kwa sababu nao waume zao walikuwa wamekaa pale mchangani wakisuka kamba na kuulizia habari za nyumbani. Balbina peke yake alinung'unika. Mumewe yeye alikufa kwa njaa, akazikwa nchi kavu bila dawa ya maji mwilini, na wa nchi kavu hawakuitwa.

Pombe ikiwa bado "haijachachuka", askari akarudi. Akawakuta wanaume wengi wenye nguvu hawana la kufanya. Aliyatazama yale matundu kama fundi anavyotazama kazi yake ya zamani, kisha akasema kumbe mikono ipo, basi boma litachukua na mpunga uliobaki. Uliobaki ulikuwa wa wanawake wenyewe, wa chakula na wa mbegu. Ulitolewa maghalani ukaletwa kivukoni, na marehemu wakainuka wakashika mapondo, kwa kuwa kazi ilikuwa haijanywewa.

Katikati ya mto Lukumbi aliacha kusukuma.

"Huu ni mpunga wa nani?"

"Wetu."

"Na mbegu?"

"Na mbegu."

Mtumbwi uliyumba kidogo kwenye mkondo. "Mama Justa, pombe iko tayari. Harufu yake naisikia tangu siku zile."

"Ukinywa utaondoka."

"Nisipokunywa watavusha hata nyumba."

Verediana alilia bila kujificha, huku akiendelea kukomba, maana mzigo ulikuwa unalowa.

Jioni ileile, mpunga wao karibu wote ukiwa umeshavuka pamoja na mbegu, alitoa mitungi. Marehemu walikunywa wamechuchumaa, kwa adabu, wakipokezana kata, na pombe ikawatoka vifuani pamoja na maji mpaka mchanga wote ukanuka kimea. Walishukuru. Wakayalaza mapondo yao ukingoni kama walivyoyalaza zamani, wakaingia mtoni. Lukumbi alimwita mkewe kwa jina lake la kabla ya ubatizo, ambalo hakukuwa na mwingine aliyebaki wa kuliita, akamwambia ule ufa wa mtumbwi auzibe tena, nta haijashika vizuri. Kisha maji yakamfika mabegani, yakamfunika.

Mwaka ule Ifakara walikula mizizi ya mayungiyungi. Mtoto mchanga wa jirani alikufa, na Verediana alikwenda kukaa msibani akijua sababu. Balbina hakumsema hata mara moja. Alimpa nafasi kwenye mkeka, wakakaa.

Msimu uliofuata boma lilitaka mpunga wa kiasi kilekile, pamoja na ule wa mbegu, kwa kuwa mwaka jana uliwezekana. Amri ilitaja na watakaouvusha: wale watu wa mtoni, walifanya kazi vizuri. Askari alipoonekana njiani, bonde zima liliingia vichakani. Verediana peke yake alitoka kumlaki, mikono ikiwa bado imelowa. Tangu juzi alikuwa ameshauloweka mtama wa pombe ya kuwaita tena wale wa mtoni, na nyumbani kwake hakukuwa na mtama mwingine.