Kilo Sita za Safarini

Kila mizani tuliyoipitisha, Fundi aliipanda. Kwanza tulipanga mawe yetu ya kupimia juu ya bamba, moja moja, matano ya kilo ishirini ishirini. Kisha tuliangalia kama namba inasema kweli, nami nikagonga muhuri. Ndipo yeye akavua viatu, akavua mkanda, akatoa simu na funguo mfukoni, akasimama palepale yalipokaa mawe, akageukia ukuta na kufumba macho.

"Soma, Digrii."

Digrii ndilo jina alilonipa siku niliyofika ofisini na cheti changu ndani ya bahasha. Yeye alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi ya kukagua vipimo. Mimi nilikuwa na siku moja. Tukapangiwa ziara pamoja: wiki sita, miji kumi na mmoja, maduka ya nafaka, mabucha na maghala.

"Nikiiona namba mwenyewe roho inaniruka," alinieleza. "Na roho ikiruka, njaa inaamka."

Daktari alikuwa amemwambia kilo tisini na mbili. Akizidi hapo hamtii kisu, kwa sababu mtu mwenye afya yake halazwi mezani kwa ajili ya mwenzake mpaka awe salama kabisa. Fundi alianza ziara akiwa na tisini na nane. Aliyeingojea figo yake ni dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ambaye sasa alikuwa akiunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Mishipa ya mikono yake ilikuwa imeanza kuchoka. Tarehe ya upasuaji ilikuwa siku tatu baada ya ziara yetu. Ikipita hiyo, foleni inaanza upya, na hakuna aliyethubutu kusema kama dada angeifikia zamu yake tena.

Kupungua uzito nyumbani ni kazi. Safarini ni vita. Asubuhi nyumba ya wageni inakupa mkate mweupe na chai ambayo sukari imeshatiwa bila kuulizwa. Mchana uko njiani na kilichopo ni chipsi. Jioni umechoka, na mhudumu anakuinamia kwa sauti ya mama mzazi: "Nikuongezee wali, mzee?" Halafu kuna wenye maduka. Kwa miaka ishirini na sita Fundi alikunywa soda katika kila duka alilokanyaga. Kanuni inamkataza mkaguzi kupokea chochote, ila yeye alikuwa na tafsiri yake: "Soda si rushwa, ni salamu." Sasa ghafla akawa mtu wa kanuni. "Hapana, mama, sheria hairuhusu," alisema kwa uso mzito, na wenye maduka wakatazamana kama watu waliosikia serikali imebadilika.

Nami, kwa heshima zangu, nilimharibia. Wiki ya kwanza nilibeba mawe yote peke yangu, garini hadi dukani, dukani hadi garini, nikiamini kijana hawezi kukaa akimwangalia mzee akibeba. Siku ya tano akaninyang'anya jiwe mkononi.

"Wewe unatafuta thawabu, au unataka kuniulia dada? Hayo mawe ndiyo jimu yangu!"

Dada alipiga simu kila jioni. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ulimi haukuwa umepungua kitu. "Usijinyime kupita kiasi, mdogo wangu. Sitaki kupewa figo yenye njaa, ije inisumbue mimi." Fundi alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akarudi kutafuna karoti yake.

Wiki ya nne, jioni moja simu ilitoka kwa binti ya dada. Presha ya mama ilikuwa imeshuka akiwa kwenye mashine, amelazwa. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akarudi mezani. Akala wali wake. Nilipomsogezea wangu, maana hamu ilikuwa imenitoka, akaula nao, taratibu, bila kuutazama.

Kesho yake bamba lilisoma tisini na tano na gramu mia sita. Siku moja kabla lilikuwa tisini na tano kamili.

"Soma, Digrii."

Nilitazama kisogo chake. Kinyozi wa njiani alikuwa amemnyoa vibaya, mvi za upande mmoja zimebaki ndefu. Mikono ameikunja kifuani kama mtoto anayengoja sindano.

"Tisini na nne na nusu," nikasema.

Mabega yakamshuka. Akageuka, uso umefunguka. "Unaona? Kumbe hata huzuni inapunguza!"

Uongo nao unataka kulishwa kila siku. Kila asubuhi nilikata kidogo kutoka kwenye namba ya kweli, na kila asubuhi ilibidi nikate zaidi ya jana. Kufikia mwisho wa wiki ya tano nilikuwa nimemfikisha tisini na mbili na gramu mia nane kwa mdomo wangu, huku bamba likisema tisini na nne na gramu mia saba. Naye akalegea. Kijiko cha pili cha wali kikarudi. Siku moja nikamkuta na soda. "Moja tu, ya salamu," alisema, akinikonyeza. Nikacheka naye.

Kisha tukafika kwa mwuza mchele mmoja, mcheshi, mwenye mizani iliyong'arishwa. Tulipoweka mawe, namba haikukubali. Fundi akalala kifudifudi sakafuni, akachungulia chini ya bamba, akatoa sarafu iliyopachikwa kwenye pembe.

"Gramu mia mbili tu, Fundi," mwenye duka alisema, bado anatabasamu. "Nani anaziona? Watu wanatoka hapa na furaha."

"Furaha inaishia mlangoni kwako," Fundi alijibu, akijipangusa magoti. "Sufuria ikishainjikwa nyumbani, watoto wanahesabiana punje."

Akaifungia ile mizani. Mimi nikaandika ripoti, nikamfuata garini. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya kuripoti hospitali.

"Fundi, naomba nikwambie kitu, uniache nimalize."

"Kama ni kuacha kazi, subiri tumalize mji huu."

"Hujafika tisini na mbili na gramu mia nane. Hujafika hata tisini na nne. Nimekuwa nakudanganya."

Aliliweka jiwe alilokuwa nalo, polepole, kama lina usingizi. "Tangu lini?"

"Tangu dada alipolazwa."

"Nani alikufundisha kusoma mizani?"

"Wewe."

"Hivyo ndivyo nilivyokufundisha?"

Chuoni niliandika insha nzuri sana juu ya haki ya mlaji, na hapo nilikuwa nimempunja mtu mmoja aliyeniamini kiasi cha kufumba macho nimsomee namba. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akatoa simu, akabonyeza, akanikabidhi. "Mwambie mwenye figo yake."

"Wewe ndiye Digrii?" sauti ndogo ya dada ikauliza.

"Ndiyo, shangazi." Nikamweleza yote.

"Mwanangu," akasema, "kila anayenipenda ananidanganya. 'Umenawiri, shoga, unang'aa!' Wakiondoka najitazama kwenye kioo, nabaki peke yangu na ukweli wangu. Nao ukweli ukiwa peke yake ni mzito. Unampenda mdogo wangu?"

"Nampenda, shangazi."

"Basi usimbembeleze. Mtembeze."

Nikamtembeza. Gari tuliliegesha mwanzo wa mji, maduka yote tukayafikia kwa miguu, jiwe moja kwake na moja kwangu, safari baada ya safari. Katika nyumba za wageni tuliomba vyumba vya juu, hata wahudumu walipotusihi tuchukue vya chini. Nilikwenda jikoni mwenyewe kabla ya jua kuchomoza, nikaomba mayai ya kuchemsha na chai isiyo na kitu. Mchana maharage na mboga za majani zikitangulia, wali ukifuata ukikuta nafasi imejaa. Mpishi mmoja alituangalia siku mbili nzima, uvumilivu ukamshinda.

"Huyu mzee anaumwa, au anaoa?"

"Naoa," Fundi akajibu. "Bibi harusi ni mkali, anataka nipungue."

Na kuanzia siku ile alisoma namba mwenyewe, kwa macho yake. Tisini na nne na nusu. Tisini na nne na nusu tena. Tisini na tatu na robo. Wakati mwingine roho ilimruka kweli, nami nikamshika kiwiko tukazunguka ghala mara moja zaidi.

Tuliripoti hospitali siku mbili kabla ya upasuaji. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi la wodi, mwembamba, macho makubwa, na mkono wenye alama za sindano umefichwa chini ya shali. Walikumbatiana. Muuguzi akamwelekeza Fundi kwenye mizani iliyo pembeni ya mlango. Akapanda.

Tisini na moja na gramu mia tisa.

Dada akaweka kiganja mdomoni. Mimi nikaruka kama kichaa. Lakini Fundi hakushuka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaisikiliza ile mizani kwa nyayo zake.

"Dada muuguzi, hii imekaguliwa lini?"

"Baba, shuka, kuna foleni."

"Digrii, lete mawe."

Tukaweka manne, kilo themanini. Ikasoma sabini na tisa na gramu mia sita.

"We mjinga!" Dada alifoka kwa nguvu zote alizobaki nazo. "Umepita! Nyamaza, umepita!"

"Dawa ya usingizi inahesabiwa kwa namba ya hapa, dada," Fundi akasema taratibu. "Yangu na yako."

Dada akamsogezea nafasi kwenye benchi.

Daktari alikuja, akayatazama mawe yetu, akajikuna shingo. "Kesho kutwa alfajiri," akasema. "Tisini na mbili au chini yake, kwenye mizani atakayoipitisha mwenyewe. Vinginevyo tunaahirisha."

Kwa hesabu ya kweli alikuwa na tisini na mbili na gramu mia tatu; zilibaki gramu mia tatu za kupunguza. Kwa siku mbili tulipima urefu wa ukumbi ule kwa miguu. Dada alikataa kubaki kitandani. Alitembea nasi hatua ishirini, akaketi, akangoja turudi, akainuka tena. Walibishana njia nzima juu ya nani alivunja mtungi wa nyumbani walipokuwa watoto. Kila alipochoka, Fundi alipunguza mwendo kabla hajaombwa.

Alfajiri ya siku ile niliitengeneza ile mizani, Fundi akaikagua, akapanda. Akasoma kwa sauti: "Tisini na moja na gramu mia nane."

"Sogea," Dada akasema, akiinama na yeye aone. "Mimi katika mambo haya simwamini mtu." Alipoinuka alikuwa analia, na alimpiga mdogo wake begani kofi jepesi. Wakaingizwa mmoja baada ya mwingine.

Nikabaki ukumbini na viatu vya watu wawili na mawe matano. Muuguzi akanijia, safari hii bila haraka. "Mwanangu, na ile ya wodi ya watoto wachanga ungeitazama?"

Niliitazama. Nikatazama na ya kliniki ya wajawazito, na ya chumba cha dawa, nikiandika kila namba kama ilivyo. Nilikuwa kwenye ya nne, nimepiga magoti, mlango ulipofunguliwa na daktari akatoka ameshusha barakoa kidevuni.

"Mdogo mtu anaendelea vizuri," akasema. "Na ile figo, hata hatujamaliza kushona, imeshaanza kutoa mkojo."

Nikamwomba arudie, taratibu, neno kwa neno.