Filimbi ya Malampaka

Hakuna aliyemwambia Mwalimu Euphrasia kwamba ng'ombe hawahesabiwi. Angeambiwa na nani? Yeye alikuwa binti wa Nkome, kwa wavuvi wa ziwani, na kwao samaki huhesabiwa kwa makelele mpaka ufuko mzima usikie. Alipopangiwa shule ya misheni huku Kishapu, mwaka wa hamsini na mbili, alikuja na sanduku la bati, filimbi aliyopewa na baba yake, na hamu kubwa ya kufundisha. Kumbe kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Darasa la kwanza lilikuwa na watoto karibu hamsini, na vibao tisa vya kuandikia. Tisa tu! Ukiwaketisha wote kwenye mistari, tisa wanaandika na waliobaki wanachokonoana mbavu hadi kengele. Euphrasia alivumilia wiki chache, kisha akaligawa darasa mafungu manne, na kila pembe ya chumba akaipa jina la kituo cha reli aliyokuja nayo. Isaka kulikuwa na vijiti vya kufunga kumi kumi kwa kamba ya katani. Shinyanga kulikuwa na mchanga na vibuyu, wapime kipi kinajaza kipi. Mwanza ndiko vilikokaa vile vibao tisa. Na Malampaka, jamani, Malampaka ndiyo iliyomponza, kulikuwa na udongo wa mfinyanzi. Mtoto anafinyanga ng'ombe, anawaingiza zizini, anaongeza, anatoa, anahesabu. Filimbi ikilia, kila fungu linashikana viuno na kwenda kituo kinachofuata, na aliyefika Mwanza anarudi Isaka bila nauli. Weee, watoto walipenda! Hata wenye homa walikuja shuleni.

Aliyependa kupita wote ni Limi, binti wa Bujiku, mtoto mwembamba asiyeacha swali lilale. Jioni moja ng'ombe wa baba yake wakirudi malishoni, Limi alisimama kwenye mlango wa zizi akawahesabu, kwa sauti, kwa kidole, mpaka mkia wa mwisho. Kisha akamgeukia baba yake, uso unang'aa, akamtajia jumla.

Mbele ya majirani, tena! Bujiku alimziba mdomo, lakini alichelewa. Tangu enzi za babu zake, mtu anayetaja idadi ya ng'ombe wake anakiita kifo zizini. Na mwaka ule lilikuwapo jambo baya zaidi ya kifo, kwani serikali ilitaka kila mfugaji apunguze mifugo, na bwana mifugo na watu wake walikuwa wakizunguka kuuliza nani ana wangapi. Haikupita wiki, mtamba wa Bujiku mwenye mimba akaanguka akafa. Basi, hapo maneno yakawaka. Mwalimu wa ziwani anawatumia watoto wetu kutupeleleza! Kesho yake watoto wa ng'ambo ya mto, upande wa Bujiku, hawakuja shuleni, na kesho kutwa hawakuja pia.

Euphrasia alilitazama darasa lililobaki nusu, akahesabu siku. Maana Bwana Valerian, msimamizi wa shule za misheni, alikuwa ametuma habari kwamba anakuja Alhamisi, na kwamba darasa la kwanza lisilojaa litafungwa, watoto wakasome Mhunze. Mhunze ni mbali. Watoto wa umri ule wasingefika, na waliofika wasingerudi mara ya pili. Angekuwa ameua shule kwa mkono wake mwenyewe, kwa udongo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliuvuka mto akaenda kwa Bujiku.

"Shikamoo, Baba Limi."

"Marahaba." Hakumkaribisha kiti. Alikuwa akichonga mpini wa jembe, na aliendelea kuchonga.

"Nimekuja kuomba radhi. Sikujua. Kwetu kila kitu kinahesabiwa, na sikuuliza kwanza. Malampaka nitaiondoa, leo hii hii."

"Uiondoe ya nini? Watoto wetu wamefinyanga ng'ombe tangu zamani. Wa udongo wahesabu mpaka uchoke." Alimnyooshea ule mpini. "Wangu, yaya, hapana! Hao usiwaguse."

"Sitawagusa. Ila wewe ukimrudisha Limi, wenzako nao watawarudisha watoto. Alhamisi msimamizi anakuja. Akikuta nafasi tupu, shule imekwisha."

Bujiku alipuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Nitamleta mwenyewe," alisema mwishowe. "Nami nitasimama pale dirishani. Nikisikia idadi ya ng'ombe wangu inatoka mdomoni mwa mwanangu, ndani ya shule yako, hutamwona tena. Wala wa jirani hutawaona."

Alhamisi watoto walikuja wote, na Bujiku alisimama dirishani, amejiegemeza kwenye fimbo yake. Euphrasia alianza kupata pumzi. Ndipo gari lilipoingia uwanjani. Bwana Valerian alishuka upande mmoja, na upande wa pili, nyuma ya usukani, alibaki bwana mifugo mwenyewe, aliyempa lifti kutoka Shinyanga. Hakushuka. Aliwasha sigara tu, kiwiko nje, umbali wa kusikia kila neno. Bujiku alimtazama bwana mifugo, kisha akamtazama Euphrasia, na jicho lile Euphrasia hakutaka kulitazama mara mbili.

Kazi ilianza. Filimbi ililia, mafungu yakashikana viuno, yakahama. Watoto, Mungu awabariki, hawakumwangusha mwalimu wao. Vijiti vilifungwa kumi kumi. Mchanga ulipimwa. Bwana Valerian alipita pembe hadi pembe, mikono nyuma, midomo ameibana kama mtu aliyeonja shubiri. Alifika Malampaka, akainama.

"Hapa kuna nini?"

"Ng'ombe kumi na wanne, Bwana," alijibu Limi. "Wanne wamekwenda mnadani. Wamebaki kumi."

"Hm! Wa udongo umewakariri." Alijinyoosha, akapandisha sauti ili darasa zima lisikie. "Hesabu ni ya maisha, si ya kuchezea. Haya, niambie. Nyumbani kwenu, baba ana ng'ombe wangapi?"

Kule nje bwana mifugo aligeuza shingo. Fimbo ya Bujiku iligonga ukuta. Limi alijua, tena alijua barabara! Na alikuwa amefundishwa na mwalimu yuyo huyo kwamba ukiulizwa na mkubwa unasimama wima na kujibu kwa sauti. Alisimama wima. Alivuta pumzi.

"Baba ana..."

Filimbi ililia.

Ililia kwa nguvu zote za kifua cha mvuvi. Watoto walishtuka, maana walikuwa ndiyo kwanza wamefika vituoni, lakini filimbi ni filimbi. Isaka ilikimbilia Shinyanga, Shinyanga ikaipamia Malampaka, kibuyu kikapinduka, kibao kimoja kikaanguka kikavunjika vipande. Limi alikokotwa na wenzake, jibu bado liko mdomoni.

"Mwalimu!" Bwana Valerian alinguruma. "Nilikuwa namwuliza mtoto!"

"Nilisikia, Bwana Msimamizi."

"Sasa umepigia nini?"

Angemwambia nini? Akieleza, kiti cha gari kilikuwa na masikio. Asipoeleza, yeye ndiye mjinga. Liwalo na liwe.

"Nimekosea saa, Bwana. Samahani."

"Umekosea saa." Alimnyooshea kiganja. "Nipe hiyo filimbi."

Aliitia mfukoni mwa koti. Darasa halitafungwa, alisema, kwa kuwa watoto wapo. Lakini soko hili likome. Wakae mistari kama watoto wa shule, na asisikie filimbi hapa tena. Angerudi mwezi ujao bila kubisha hodi, na akikuta mchezo huu, mwalimu angepanda treni halisi arudi kwao Nkome. Kisha akamwangalia Limi. "Na mkubwa hivi hajui hata mali ya baba yake. Aibu."

Limi alilia. Alilia kimya, amekunja ngumi, mtoto aliyekuwa na jibu. Euphrasia hakuweza kumtetea, na hilo ndilo lililomuuma kuliko filimbi, kuliko koti lile lililoondoka nayo. Alipotazama dirishani, Bujiku hakuwapo.

Asubuhi iliyofuata alikwenda shuleni miguu ikisita, akijiandalia darasa tupu. Alilikuta limejaa. Wa ng'ambo ya mto walikuwapo wote, na wengine wawili wasiowahi kusoma. Alitaka kufurahi, akashindwa. Aliwapanga mistari. Akagawa vibao vinane. Wanane waliandika, na wengine wote walikaa mikono mapajani, wakimtazama. Limi alikuwa akitazama pembe ya Malampaka, ambako ng'ombe wa udongo walikuwa bado zizini.

Nje kulisikika kwato. Bujiku alikuwa akipitisha kundi lake kwenda malishoni. Aliinama dirishani.

"Mwangaluka, mayu."

Hakuwa amewahi kumwamkia kwanza, wala kumwita mama. Euphrasia alisogea dirishani.

"Mbona umewapanga kama magunia ya pamba?"

"Filimbi imechukuliwa, Baba Limi. Na nimekatazwa."

"Nilisikia." Aliwatazama ng'ombe waliokuwa wakipita nyuma yake. "Na wewe, unajua wangu ni wangapi?"

"Sijui. Sijamwuliza Limi, wala sitamwuliza."

"Wabeja," alisema Bujiku, kwa sauti ya chini. Ahsante ile ilitoka kwa shida, kama mwiba.

Halafu akatia vidole viwili mdomoni akapiga mbinja, ile kali ya wachungaji inayopasua nyika. Nje, ng'ombe wote waliinua vichwa. Ndani, watoto wote waliinuka. Walisimama hivyo hivyo, hawajaenda popote, macho kwa mwalimu wao. Limi alikuwa tayari amemshika kiuno wa mbele yake.

Euphrasia aliitazama barabara ya Shinyanga. Hakukuwa na vumbi la gari. Bado.

"Haya," alisema. "Malampaka, ondokeni."