Pesa Yenye Tarehe

Saluni kwangu waliniita Profesa, na mimi kwa kupenda sifa nikaitika. Mdomo ninao, hilo sikatai. Mkono unasuka, mdomo unafundisha, na mteja hana pa kukimbilia maana kichwa chake ninacho mimi.

Elimu yenyewe niliiokota. Kuna mteja wangu mmoja, tunamwita Mama Hisa kwa sababu anafanya kazi kwenye ofisi ya kuwawekezea watu pesa zao. Kila baada ya Ijumaa mbili anakuja kuosha na kuseti nywele. Ninapomfunga rola, ananieleza. Kuwekeza ni kuacha kuila pesa leo ili ikufanyie kazi na ikuletee nyingine. Pesa ya chini ya godoro inasinyaa, maana bei za vitu hazikungoji. Usiiweke yote mahali pamoja. Usiwe na pupa, kwani faida nayo ikikaa inazaa faida. Kisha anaanza, "Lakini kabla ya yote hayo, shoga, kuna swali moja..." na hapo mimi namshushia lile kofia la draya kichwani, vuuu, kwa sababu kuna mwenzake kakaa pembeni anasonya. Akitoka humo ameshasinzia, anataka kioo tu aende zake. Mwaka mzima hilo swali sikulisikia, wala sikulitafuta. Niliyokuwa nayo yalinitosha kujidai.

Sasa, shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na ada zangu zote zilitoka kwenye cherehani chake. Siku moja akaja saluni na bahasha.

"Nimeuza vyerehani vyote viwili," akasema. "Nimechoka kushona. Humu kuna na akiba yangu. Niwekezee, mwanangu. Ikiongezeka theluthi moja tu, inanitosha. Kuna kashughuli kangu."

Unadhani nilimuuliza ni kashughuli gani? Au fundi wa miaka yote ile anachokaje kushona ghafla? Thubutu! Mimi niligeuza shingo kulia na kushoto kuangalia kama wateja wamesikia jinsi ninavyoaminiwa.

Nikanunua viwanja viwili vidogo, kimoja upande huu wa mji na kingine upande ule, kwa sababu Mama Hisa alisema tutawanye. Hati nilizikagua mpaka mihuri. Majirani niliwauliza mmoja mmoja. Kwa hilo hakuna wa kuninyooshea kidole, na ndilo linaloniuma, kwamba kila nilichokijua nilikifanya sawasawa.

Mwezi wa tatu tangu anipe bahasha, shangazi akarudi. Ilikuwa Jumamosi, saluni imejaa hadi mlangoni. Akaniinamia sikioni, taratibu, "Mwanangu, nipe japo nusu. Ile shughuli yangu imekaribia."

Kuliambia sikio moja kwamba pesa imekaa kwenye ardhi na haitoki leo, hilo lilinishinda. Uprofesa wangu ungeenda wapi? Nikapaza sauti. "Jamani, hebu mwoneni shangazi yangu! Kapanda mbegu juzi, leo kaja na kapu la kuvunia! Shangazi, uwekezaji unataka roho ngumu. Nenda nyumbani ukapumzike."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Shangazi naye akacheka, akajiweka sawa mtandio, akaondoka huku mkono wake ukipapasa ukuta mpaka mlangoni. Nilidhani anakwepa maji yaliyomwagika.

Wiki hiyohiyo dalali alinipigia simu. Kuna mtu anakitaka kiwanja kimoja, bei ileile niliyonunulia, pesa taslimu. "Mwambie akanunue karanga," nikamjibu, na nikarudia jibu hilo kwa kila mteja siku ile, nikijiona mjanja. Ningesema ndiyo, shangazi angepata nusu yake kabla ya Jumatatu. Hapa ninaposimulia uso unaniwaka.

Ukweli niliupata mwezi wa sita, kutoka kwa jirani yake aliyekuja kusuka. "Shangazi yako ile operesheni ya macho ameshafanya?"

"Operesheni gani?"

Nikaachia msuko katikati, nikataka anieleze yote. Kumbe shangazi alikuwa na presha ya macho, ile inayokula uwezo wa kuona kimyakimya. Daktari alimpa miezi minne, akamwambia kinachokwenda hakirudi. Pesa aliyokuwa nayo ilihitaji theluthi nyingine juu yake ndipo itoshe gharama, na ile nusu aliyoniomba ilikuwa ya kutanguliza, waanze na jicho moja. Hakutaka kuniambia, alisema jirani, kwa kuogopa nisije nikauza vitu vya saluni kwa ajili yake.

Ijumaa ile Mama Hisa alipokuja, draya sikuigusa. Nilimfunga rola ya mwisho, nikamzungukia mbele. "Lile swali lako. Ni swali gani?"

"Pesa yenyewe ni ya lini?" akasema, kama mtu anayetaja jina lake. "Pesa yenye tarehe, ya matibabu, ya ada, ya kodi ya nyumba, huiweki mahali ambapo haitoki haraka. Hata kama pana faida nono. Unaiweka pale ambapo kesho asubuhi unaichukua, hata ikizaa kiduchu. Mambo ya kutawanya na kusubiri ni ya pesa isiyo na haraka. Si nilikuwa nakwambia kila mara?"

"Ulikuwa unaniambia," nikasema.

Nikamtafuta dalali kama mwendawazimu. Yule mteja alishanunua kwingine. Nikabisha hodi kwa watu, nikakopa nilipoweza kukopa, nikaambulia kidogo. Kiwanja kilikuja kuuzwa mwezi wa nane, na unajua nini? Kwa faida, karibu mara tatu ya bei niliyonunulia. Nusu tu ya mali, na ilitosha operesheni nzima ikabaki na nauli. Sijawahi kuzishika pesa nikazichukia namna ile. Daktari alifanya kazi yake, kisha akanitoa nje ya chumba na kuniambia kwamba walichokizuia ni kidogo. Shangazi anajua mchana na anajua usiku, basi.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala. Nilipiga magoti nikamwambia kosa ni langu, akanijibu, "Ungejuaje, na mimi sikukwambia?" Ila kuhusu ile Jumamosi, na kile kicheko, yeye hajakitaja hata siku moja, na mimi sijathubutu. Wageni wakija anawaambia, "Mwanangu aliniwekezea, pesa ikarudi imenenepa." Mimi naingia jikoni kupika chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Wiki iliyopita akasema anataka kwenda kwenye kile kiwanja kilichobaki, akanyage mali yake. Tukapanda teksi. Barabara inaishia kwenye kijia chembamba, kiwanja chake kiko kushoto, nyasi na vigingi vinne. Kulia kuna nyumba ya watu, nzuri, ina ukuta na geti jekundu.

Nilipokuwa namlipa dereva, shangazi alitangulia, hatua moja moja, akasimama katikati ya kijia. Akainua uso, akatandaza mikono yote miwili.

"Dereva!" akaita kwa sauti, ili asikike vizuri. "Unakiona kiwanja changu? Huyu mwanangu ndiye aliyeninunulia. Kichwa chake hicho, wengine hawana!"

Dereva akamtazama, akanitazama na mimi. Shangazi alikuwa ameelekea kulia, kwenye geti la watu. Kiwanja chake kilikuwa mgongoni kwake.

"Kizuri, siyo?" akaniuliza.

"Kizuri, shangazi," nikasema. Sikuwa na uso wa kumgeuza.