Mahindi ya Mgonjwa

Kama kuna mtu aliyejua farasi Kinanie nzima, alikuwa Kisilu. Na kama kuna mtu Kinanie nzima ambaye hakuweza kutamka neno hata moja, hata la kuomba maji, alikuwa Kisilu huyo huyo. Sasa hapo utasema nini?

Alitunza farasi katika ranchi moja ya Lukenya tangu kidevu chake kikiwa laini mpaka kikaota mvi. Ranchi ilipokatwa ploti, mwenye ranchi alifunga mizigo akarudi kwao, na farasi jike mmoja mwekundu, mzee kidogo, akamwachia Kisilu. Jina lake Dachesi. Kisilu alikuja naye kwa miguu mpaka nyumbani, watu wakitoka madukani kushangaa, na Mueni mkewe akauliza swali moja tu: "Hii inatoa maziwa?"

Maziwa hakutoa. Lakini alibeba maharusi mpaka mlangoni mwa kanisa, alibeba watoto uwanjani siku za Krismasi, na Kisilu alitembea pembeni ameshika kamba, shati limepigwa pasi, hakuna chifu aliyemfikia kwa maringo. Mueni alimwogopa mnyama yule. Akipita upande wa banda alipita mbali, ndoo kifuani, akisema ile miguu ya nyuma bado haijaokoka.

Kisha presha ikamwangusha Kisilu shambani. Upande wa kulia ukafa wote, mkono na mguu, na ulimi ukafungwa. Alibakiwa na mkono wa kushoto, kichwa kinachoweza kukubali na kukataa, na akili yake yote, ingawa hilo la akili watu hawakuliamini sana. Walimsemesha kwa kupiga kelele, kana kwamba kilichoharibika ni masikio. Mchana kutwa alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mto mgongoni, akitazama banda la Dachesi ng'ambo ya uwanja.

Mueni alijifunza kuongea naye kwa maswali. "Unataka maji? Unataka uji? Ni choo? Jua limekuchoma?" Kisilu alikataa kwa kichwa mpaka aulizwe lile lenyewe, kisha akakubali. Kwa mambo ya maji na choo mtindo huo ulifaa kabisa. Mambo mengine yalibaki humo humo kifuani, maana nani angeyakisia?

Asubuhi moja lori la mawe ya machimbo lilipasuka gurudumu barabarani, mlio kama bunduki. Dachesi alikuwa amefungwa nje akila nyasi. Akakata kamba, akakimbia wazimu, akaingia kwenye seng'enge mpya ya jirani. Walipomtoa, mguu wa nyuma ulikuwa umepasuka chini ya goti mpaka weupe wa ndani unaonekana, na Kisilu aliyaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake. Alipiga mkono wa kiti, pa, pa, pa. Mueni, katikati ya kelele zile, akamgeukia na kuuliza kama anataka kuingia ndani.

Daktari wa mifugo, kijana mpole aitwaye Titus, alikuja na pikipiki kutoka Athi River. Alishona palipowezekana, pengine akapaacha wazi pajifunge penyewe. Akamwonyesha Mueni namna ya kuosha kwa maji ya chumvi, kupaka dawa, kufunga bandeji. "Asitoke bandani, mama. Akitembea kidonda kitafunguka. Na uangalie nyama ya ziada, mguu wa farasi uko na hiyo tabia, nyama inafura inatoka nje kama ulimi. Ukiiona, nipigie simu. Nyasi na maji apate kila siku." Mambo ya kushika yalikuwa mengi, na Mueni aliyashika yote.

Na hapo ndipo Kisilu alipomwona mkewe upya. Mwanamke aliyekuwa akipita mbali na banda sasa alichuchumaa chini ya ile miguu isiyookoka, akaosha usaha kwa mikono yake, inzi wakimtua usoni, harufu hiyo usiseme. Siku kidonda kilipofura ile nyama ya ziada, alilia, akampigia Titus, akamshikia farasi kichwa wakati nyama ikikatwa. Jioni hiyo alikuja kwa Kisilu, mikono ikinuka dawa, akakaa chini kando ya kiti.

"Baba Mwendwa," alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "huyu akipona, na wewe utapona. Nimekubaliana na Mungu hivyo. Kwa hivyo hatakufa."

Kisilu alikubali kwa kichwa. Angefanya nini kingine? Moyo ulimuuma kwa mapenzi na kwa hofu, vyote pamoja.

Ikawa kazi yake ni hofu tu. Alitazama bandeji ile nyeupe ikisogea gizani mwa banda. Ikilowa, roho inamruka. Ikikaa kavu, anapumua. Alitamani kuinusa, kuishika, kujua kama ngozi imeanza kurudi pembeni, na mkono uliojua kazi hiyo ulikuwa umelala mapajani kama wa mtu mwingine.

Kisha wageni wakaanza kuja.

Unajua kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Kisilu mwenyewe alipotoka hospitali, akina mama wa kanisa walijaza jikoni mahindi, ndengu na sukari mpaka panya wakanona. Sasa Nduku, jirani yao, mama wa kicheko kikubwa na moyo mkubwa zaidi, alikuja kuona kidonda, akamtazama Dachesi kuanzia masikio mpaka mkia, akashika kiuno.

"Aiya! Mama Mwendwa, huyu amekonda hivi na unampea nyasi tu? Wewe ukivunjika mguu tukuletee nyasi, si utatufukuza?"

Wakacheka. Mueni akacheka pia, akaona haya kidogo. Wiki iliyofuata Nduku alirudi na kiondo cha mahindi makavu. Wengine wakafuata, huyu na muthokoi uliobaki, mahindi yale ya kukobolewa, yule na pumba, mwingine na kipande cha sukari nguru cha kukoroga kwenye maji, apate nguvu. Punda wao walikula hivyo hivyo na walizaa kila mwaka. Farasi si punda aliyesomeshwa tu?

Kisilu aliposikia mahindi yakimwagwa kwenye karai, alipiga mkono wa kiti, pa, pa, pa. Kule Lukenya aliwahi kumwona farasi mdogo aliyevunja mlango wa stoo akala nafaka usiku kucha. Baadaye kwato zake zikawa moto, akashindwa kukanyaga, akalala, na mwenye ranchi akaja na bunduki. Kisilu ndiye aliyeshika kamba. Alijua kwamba farasi anayefanya kazi anaweza kupewa kidogo, kwa kipimo, lakini farasi aliyefungiwa amesimama tu, ukimjaza mahindi unamchoma miguu. Nyasi, Mueni! Nyasi na maji!

"Aaa," kilitoka kinywani mwake. "Aaaa."

"Anasalimia," Nduku alisema. "Wĩ mũseo, Kisilu? Tumekuja kukuonea mgonjwa wako!"

Kisilu alikataa kwa kichwa, akakataa tena, shingo ikamuuma. Mueni alikuja mbio. Maji? Uji? Choo? Baridi? Akakataa yote. Mueni akamwekea blanketi kwa kubahatisha, na jua lile.

Akangoja nafasi. Siku Mueni alipopita mbele ya kiti amebeba karai limejaa, Kisilu alirusha mkono wa kushoto kwa nguvu zake zote. Karai likaruka, mahindi yakatapakaa uwanja mzima, kuku wakashangilia. Wageni walikuwepo, wote wakaona. Mueni alisimama pale akiwa ameshika hewa.

"Kwa nini, Baba Mwendwa? Hii ni mahindi ya watu! Nimekukosea nini?"

Kisilu alimtazama mkewe akiokota punje moja moja mbele ya wageni, machozi yakimtoka, akataka ardhi immeze.

"Usilie, mwaitu," Nduku alimwambia taratibu. "Ni ugonjwa. Wakipatwa na hiyo wanakuwa na hasira, hata mjomba wangu alikuwa hivyo." Na kwa wema wake, siku iliyofuata akaleta mahindi mengine, mengi kuliko yale yaliyomwagika.

Hata hivyo Mueni hakuwa mjinga. Jambo lile lilimkaa. Siku moja alipiga magoti mbele ya kiti akamshika mume wake mashavu.

"Ni Dachesi?"

Kisilu alikubali, akakubali tena na tena.

"Ni kidonda?"

Akakataa.

"Unataka kumwona?"

Akakubali! Mbona asikubali? Akifika huko angeonyesha kwa kidole, na mambo yangeisha. Mueni akamwita Nduku, wakainua kiti na mtu wake, wakavuka uwanja wakitweta na kutaniana kwamba mzee mgonjwa hapungui uzito. Wakamweka mbele ya karai la Dachesi. Farasi alishusha kichwa akampulizia usoni, joto lile la pua alilolijua maisha yake yote, na Kisilu karibu asahau kilichomleta. Kisha akatumbukiza mkono ndani ya karai, akachota mahindi, akayatupa nje. Akachota tena, akatupa.

"Ona!" Mueni alipiga makofi. "Anataka kumlisha mwenyewe! Jamani, baba wa watu alikuwa anataka tu kulisha farasi yake!"

Nduku akajifuta macho kwa kanga. Mueni akamfungua Kisilu vidole, taratibu, kwa upendo, akamjaza mahindi kiganjani, akausogeza mkono mdomoni kwa Dachesi. Kisilu akafunga ngumi. Mueni akaifungua tena, akaishikilia wazi kwa mikono yake miwili, maana alidhani vidole vimekakamaa. Dachesi alikula yote. Kuanzia siku hiyo walimpeleka kila asubuhi, na kila asubuhi Mueni alimshikia mkono.

Kidonda kilipona vizuri, lazima niseme kweli. Ngozi ya waridi ilitoka pande zote mbili ikakutana katikati. Titus alipokuja kufungua bandeji mara ya mwisho, Nduku alipiga vigelegele, na Mueni alisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa kuchukua zawadi.

"Mama, umefanya kazi," Titus alisema. "Haya, mtoe atembee."

Dachesi hakutoka. Alikuwa amesimama vibaya, miguu ya mbele ameinyoosha, uzito wote ameurudisha nyuma, kama mtu aliyekanyaga makaa. Kisilu alikuwa ameliona hilo tangu juzi, na tangu juzi alilia, na Mueni alimfuta akisema ni furaha. Walipomvuta kamba, Dachesi aliguna, magoti yakamlegea, akalala ubavuni na kidonda chake kizuri kilichofunga.

Titus alipiga magoti akashika kwato za mbele, moja baada ya nyingine. Akaacha mkono pale kwa muda. Uso ulimbadilika.

"Mmekuwa mkimpea nini?"

"Tumemtunza!" Mueni alisema haraka, kwa fahari. "Mahindi kila siku, muthokoi, pumba. Na sukari nguru kwa maji. Hajakosa kitu hata siku moja."

Titus akavua kofia. Alieleza polepole, bila kumlaumu mtu, kwamba kwato zimeungua kwa ndani, zimeachana na mfupa, na kwamba ni chakula. Alisema alipaswa kuuliza mapema, lakini macho yake yote yalikuwa kwenye kidonda. Mueni aliuliza dawa ni ipi. Titus akasema angerudi kesho asubuhi na sindano, ili asiendelee kuumia.

Ilichukua muda Mueni kuelewa sindano hiyo ni ya nini. Nduku aliokota kiondo chake, akaondoka bila kuaga. Pikipiki ya Titus ikaondoka. Uwanjani wakabaki wawili tu, na kuku.

Mueni alitembea mpaka kwenye kiti. Alikaa chini, mavumbini.

"Ni mahindi," alisema. "Baba Mwendwa. Ile siku ya karai." Akainua macho kumtazama. "Ulikuwa unajua? Ulikuwa unaniambia?"

Swali lilikuwa limefika. Swali lenyewe hasa, zima, lile alilolingoja tangu kiondo cha kwanza, lile alilolipigia kiti na kulilia usiku na mchana. Kilichobaki ni kukubali kwa kichwa, mara moja tu, na mtu mmoja duniani angejua kwamba Kisilu bado yumo humu ndani.

Akaitazama mikono ya mkewe. Ilikuwa imepasukapasuka kwa maji ya chumvi.

Akakataa kwa kichwa.

"Hukujua?"

Akakataa tena.

Mueni alipumua pumzi ndefu, akaegemeza kichwa kwenye goti lake. "Basi hakuna aliyejua," alisema. Kisilu aliweka mkono wa kushoto juu ya kitambaa chake cha kichwa, akauacha hapo. Bandani Dachesi alijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena.