Mkono Uliobaki Juu

Sanamu ile ilikuwa imelala chali juu ya mchanga wa kumwagwa, nyuma ya kamba nyekundu, imevaa kizibao cha baba yangu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, vidole vimetawanyika.

"Huyo asikushtue," alisema Bi Purcell, mwenye funguo za makumbusho. "Kila asubuhi namlaza mkono. Nikimaliza kikombe cha kahawa, nakuta kauinua tena. Waya za ndani zinavutwa na joto."

Ilikuwa Februari. Tulikuwa tumevaa makoti mle ndani, na tukisema pumzi zetu zinaonekana. Sikumbishia, maana sikwenda pale kubishana na mtu kuhusu waya.

Baba yangu, Hollis Tackett, alikuwa analipwa kuanguka. Enzi zile sinema za kauboi zilipokuwa zikipigwa kwenye vilima vyekundu vya Sorrel Flat, mwigizaji mkubwa alipanda farasi ili sura yake ionekane, kisha akashuka kwenda kunywa juisi ya ndimu kivulini. Hapo ndipo baba alipovaa shati la yule bwana, akapanda, akaanguka. Alianguka kutoka mapaani, kwenye makorongo, chini ya kwato. Mjini kwenu watu walimlilia bila kumjua. Jioni alifika mlangoni anachechemea na kusema, "Leo nimekufa mara tatu, na kila mara nikiwa na njaa."

Watu wa kazi ile walikuwa na desturi yao. Ukishaanguka, na mwongozaji akishasema basi, unainua mkono wa kulia, ule usioshika hatamu. Maana yake ni kwamba mimi mzima, msije, endeleeni na yenu. Mkono usipoinuka, watu wanakimbia. Kipande hicho hukatwa, ndiyo maana kwenye sinema mfu anabaki mfu.

Siku ya mwisho alianguka na farasi kwenye mteremko, na farasi akambiringikia. Aliyekuwa na zamu ya kumwangalia alikuwa Dell, mdogo wake wa tumbo moja. Dell akatazama, akasema mkono umeinuka, mzima huyo, mwacheni apumzike. Kulala kidogo baada ya kuanguka vibaya lilikuwa jambo la kawaida. Watu wakaenda kula chakula cha mchana. Waliporudi, baba alikuwa amekwisha kuwa baridi.

Mama ndiye aliyemvika suti ya kuzikiwa, hakutaka mtu mwingine amguse. Ndipo alipoushika ule mkono wa kulia. Mifupa ilikuwa imesagika kutoka begani kwenda chini, mkono unaning'inia kama soksi iliyolowa. Akamwita Dell, na mimi nikiwa nimesimama pale pale na gauni langu la shule.

"Mkono huu, Dell? Huu ndio uliouona?"

"Ndio huo, shemeji. Naapa."

"Toka nyumbani kwangu."

Tangu hapo hawakupikika chungu kimoja. Mji wetu una duka moja la vyakula, na mama akimwona Dell kwenye mboga, anaacha kikapu hapo hapo na kwenda zake. Wahuni wa kwenye baa walimbandika jina, Dell Maharage, kwa sababu hayo ndiyo aliyokuwa akila wakati kaka yake anakata roho. Hakuoa. Nadhani aliona haya kumpa mwanamke jina kama lile.

Miaka arobaini na kitu ikapita hivyo. Kisha kampuni moja ya sinema ikafunga ghala lake, na masanduku ya vipande vilivyokatwa yakaletwa kwa Bi Purcell, ambaye alimtambua baba kwenye mkanda mmoja. Dell alikuwa amelazwa kwenye nyumba ya wazee, mapafu yamekwisha. Akanipigia simu.

"Verlene, mwanangu, nenda ukamwangalie baba yako," alisema, akipumua katikati ya kila neno. "Halafu mwambie mama yako ulichokiona. Hata kama mimi ni mwongo, mwambie."

"Baba mdogo, wewe mwenyewe si unajua ulichokiona?"

"Nilijua. Sasa sijui. Nimeyala yale maharage kila usiku, mwanangu, mpaka nimesahau mkono."

Mama alikubali kuja, lakini alikataa kushuka kwenye pikapu. "Nenda wewe," alisema. "Macho yako bado mazuri." Akapandisha kioo.

Bi Purcell alinipitisha kwenye matandiko, kofia na picha za wanaume warembo wenye meno meupe, wote marehemu. Ndani palinuka jasho la farasi, nami nimekulia zizini, najua jasho la jana na jasho la sasa hivi. Lile lilikuwa bichi. Nilipiga moyo konde, nikaketi kwenye chumba kidogo cha nyuma, akawasha mashine.

Mkanda haukuwa na sauti. Farasi alishuka kasi, akajikwaa, akambiringikia baba, vumbi likafunika kila kitu. Hapo ndipo sinema hukatwa. Lakini mpiga picha alisahau kuzima kamera, au alidhani ameshazima, na picha ikaendelea. Vumbi likatua. Farasi akasimama, akamzunguka baba kwa mbali, masikio yamelala nyuma, hataki kumkaribia.

Kisha mkono ukainuka, ule wa kulia, umenyooka, vidole vimetawanyika.

Nililia kwa furaha, sitaki kuficha. Dell hakudanganya. Nilimwona pale pembeni, kijana mwembamba, akipunga kofia kuwaambia wenzake kwamba mambo shwari. Watu wakapiga makofi, wakageuka, wakaenda mezani.

Nikangoja baba ateremshe mkono, maana mtu akishajulisha kuwa mzima, huuteremsha. Baba hakuuteremsha. Kivuli chake kilianza kusogea juu ya mchanga, na mkono uko pale pale. Dell akaja ukingoni na sahani yake, akatazama, akauona uko juu, akarudi kula. Upepo ukavuta mkono wa shati, nikaona jinsi ulivyopinda mahali ambapo binadamu hana kiwiko. Hakuna mfupa mle ndani ambao ungeweza kuubeba. Mkanda uliisha, ukutani ukabaki mwanga mtupu, na mkono ulikuwa bado juu.

"Nimeuangalia mara nyingi," alisema Bi Purcell gizani. "Kila mara nasema, labda leo atauteremsha."

"Sanamu ulimtengeneza kwa kufuata mkanda huu?"

Alizima mashine. "Sanamu ana miaka kumi hapa. Masanduku yamekuja mwaka jana. Mimi nilimtengeneza mikono ikiwa kifuani."

Nilipita pale kwenye kamba nyekundu bila kugeuza shingo.

Mama aliteremsha kioo kabla sijalifikia gari.

"Aliuinua?"

"Aliuinua."

"Upi?"

"Wa kulia."

Alinikata jicho. "Mkono ule ulikuwa umekwisha, Verlene. Mimi ndiye niliyeutia kwenye koti."

"Najua, mama. Nimeona ulivyovunjika. Na ulikuwa juu vilevile, mpaka mwisho wa mkanda."

Alitazama mlango wa makumbusho. Nilidhani atashuka aende akajionee. Badala yake alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi shingoni.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema. "Afadhali afe kuliko kumkatiza mtu chakula." Akanifungulia mlango. "Washa gari. Twende kwa Dell."

Dell alikuwa amelala na mipira ya hewa puani, macho yamefumba, amekwisha mpaka mashavu yameingia ndani. Mama alisimama miguuni mwa kitanda.

"Shemeji," alisema. "Ni mimi, Ardith."

Dell hakufumbua macho. Lakini mkono wake wa kulia ulitoka chini ya blanketi polepole, ukainuka, vidole vimetawanyika.

Muuguzi aliyekuwa mlangoni akatabasamu. "Huyu mzee na mkono wake. Anataka kusema yuko sawa, tumwache apumzike. Chakula cha mchana kiko tayari ukumbini, karibuni."

Mimi, kwa mazoea tu, nilianza kugeuka. Mama alivua koti lake, akavuta kiti mpaka kikagonga kitanda. Akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akauteremsha taratibu mpaka kifuani, na hapo akaubana.

"Hatuendi kula," alimwambia.

Tulisikia sahani zikigongana kule ukumbini, kisha zikikusanywa. Muuguzi alirudi kutuuliza tena, na mama akatikisa kichwa bila kumwachia.