Kufuli la Kisanduku cha Baba

Niseme mapema: kufuli lile nililitengeneza mimi, na nililitengeneza kwa majivuno.

Kampuni yetu ya simu za intaneti hapa mjini Thunder Bay ni ndogo. Tuko watano na mashine moja mbovu ya kahawa. Seva yetu, yaani kompyuta kuu, hupokea ujumbe wa kila simu, nani anampigia nani, kisha huupitisha unakotakiwa. Wezi wa mtandaoni walikuwa wakiusoma ujumbe huo njiani, ndipo bosi wetu, Garth Lindqvist, akataka tuufiche kwa njia yetu wenyewe. Nikaandika kufuli ambalo ufunguo wake hubadilika kila saa, ukifuata saa iliyomo ndani ya kisanduku cha simu cha mteja. Kisanduku kisichojua saa sahihi hakisomi wala hakisomwi. Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Nilihitaji mtu wa kujaribia, nikamchagua baba yangu, Reino. Ana miaka themanini na mmoja, anaishi peke yake kando ya ziwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na simu za mkononi hazishiki huko.

"Hii ya waya ina kosa gani, Aili?" aliniuliza. "Hata umeme ukikatika inalia."

"Ya kizamani hiyo, baba. Watu wote wanahama."

"Jirani yangu Wendell hajahama."

"Wendell bado anavaa suruali aliyofungia ndoa."

Alicheka mpaka akakohoa, akakubali waya ukatwe. Kwenye simu mpya nilimbandikia namba ya mezani kwangu kwa tarakimu kubwa. "Likitokea lolote, piga hii. Nitapokea mimi mwenyewe."

Jumanne moja mvua ya barafu ilikata umeme wa ziwani, ukarudi saa nne asubuhi. Saa nne na dakika sita nikaona kwenye skrini ujumbe usiosomeka kutoka kisanduku cha baba. Seva ikautupa. Dakika mbili baadaye ukaja mwingine, nao ukatupwa.

"Mzee anachezea simu?" Garth aliuliza, donati mdomoni.

"Baba hachezei simu. Hata kuipangusa anaogopa."

Ulipokuja wa tano nilielewa. Umeme ulipokatika, kisanduku kilipoteza saa. Kiliamka kikidhani ni Januari mosi, mwaka 1970, kama mashine nyingi zinavyoamka. Kilitakiwa kuiuliza seva ni saa ngapi. Lakini swali hilo nalo nilikuwa nimelifunga kwa kufuli lilelile. Mjinga mimi! Kisanduku hakiwezi kujua saa bila ufunguo, na hakiwezi kupata ufunguo bila kujua saa.

Nilitengeneza ufunguo wa 1970, nikaujaribu kwenye ujumbe wa kwanza. Ukafunguka. Baba alikuwa amepiga namba ya dharura.

Simu zote zilizofuata alinipigia mimi. Simu ilikuwa pale pale karibu na kiwiko changu, kimya.

"Zima kufuli basi!" Garth alisema.

"Kisanduku kinakataa jibu lisilofungwa."

"Mwendawazimu gani alikiandika hivyo..." Akanitazama, akaweka donati chini.

Niliita gari la wagonjwa. Wakaniambia barabara ni barafu tupu, inateleza kama kioo, watachelewa. Nikampigia Wendell kwa simu yake ya waya. Ililia mara mbili tu.

"Navaa buti," alisema. "Gari halitapanda kilima, naenda kwa miguu. Nusu saa hivi, binti."

Nikabaki na kibodi. Ilibidi niifundishe seva kuongea na kisanduku kinachoishi 1970, na kila nilipoandika mstari niliukosea. Ujumbe uliendelea kuingia pembeni mwa skrini. Sasa niliweza kuusoma wote, na wote ulisema kitu kimoja: Reino anampigia Aili. Sikuwa na njia ya kumwambia hata "subiri". Nililia huku naandika, na Garth alisimama nyuma yangu asijue mikono yake aiweke wapi.

Wa mwisho uliingia saa nne na dakika arobaini na moja.

Nilimaliza saa nne na dakika hamsini na mbili. Kisanduku kikapewa saa, kikapokea ufunguo, taa yake kwenye skrini ikageuka kijani. Nikapiga. Upande wa pili simu ikaita vizuri kabisa. Nikaiacha iite mara kumi na moja, nikakata, nikapiga tena. Hakuna aliyepokea.

"Labda kaenda kuleta kuni," Garth alisema.

"Labda," nikasema.

Saa tano na dakika tatu simu ya mezani kwangu ikalia. Kwenye kioo chake kidogo liliandikwa jina nililoliingiza mwenyewe: BABA. Garth alipiga makofi mara moja. Niliinyakua.

"Baba! Baba, nisamehe, nilikuwa naona unapiga..."

Sauti ilikuja safi, bila mkwaruzo, kufuli likifanya kazi yake yote.

"Ni Wendell, Aili," ilisema. "Kaa chini kwanza, binti."